Video Iliyogoma Kuonyesha Picha

Nichekeni, lakini taratibu. Akina mama wa mwani hapa Kivinje walinunua video ya mafunzo isiyoruhusu kunakiliwa, na kila mara Zuhura, katibu wao, humwita Shabani fundi simu awaonyeshe. Wivu ukaniunguza. Nikamsihi Zuhura safari hii kazi hiyo anipe mimi.

Shule niliacha darasa la sita, ila kompyuta nimejifunza kwa kuchokonoa. Ndani ya laptopu yangu nilitengeneza kompyuta ya pili, ya kuigiza, inayofunguka kama dirisha. Nikaiwasha video humo. Sauti ikatoka, picha nyeusi tii.

“Shabani kaifunga kwa husuda!” nikafoka mbele ya akina mama wote, Shabani mwenyewe akiwemo.

Shabani akasogea. “Kaka, video hii ikijikuta ndani ya kompyuta ya kuigiza huogopa kuibiwa, inaficha picha. Ifungue nje tu.”

Akalifunga dirisha langu. Nyuma yake kikaonekana kiprogramu cha kurekodia nilichokiwasha kwa siri ili niinakili video hiyo, na jina nililolipa faili: “Zuhura asimwite tena Shabani.”

Zuhura akalisoma kwa sauti, neno kwa neno.

“Naam,” Shabani akaitika.