Mpira Huru wa Mdogo Wangu

Ukumbi mzima wa snuka, mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo, uliniita Mizani, eti refa asiyependelea mtu. Upuuzi mtupu! Kwenye fainali, mpinzani wa mdogo wangu alifanya faulo, na mpira mweupe ukatua nyuma ya mweusi. Sheria iko wazi: mwekundu uliobaki ukizibwa hata upande mmoja, refa hutangaza mpira huru, mchezaji achague kugonga wowote. Niliinama, nikaona umezibwa. Nikaogopa watu watasema damu ni nzito kuliko maji, nikanyamaza. Mdogo wangu alishindwa kwa pointi mbili, akatundika fimbo mpaka leo. Juzi shemeji alimuuliza mbele yangu kama siku ile alidhulumiwa. Mdogo wangu akacheka.

“Refa si alikuwa kaka? Angeona, angesema.”