Mwamba Mgumu wa Upande wa Ziwa

Ilianza Jumapili, saa tisa na nusu mchana, tukiwa nyumbani Langas, mjini Eldoret. Vikombe viligongana kwenye kabati, mabati yakalia, halafu kimya. Mama alinivuta nje, mkono wake bado una unga wa chapati.

Jirani yetu alikuwa ashatoka, bila kitambaa cha kichwa. "Mama, hata sufuria zangu zimecheza lingala!" Watu kwenye ploti wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anampigia nyanya simu ushago, kijijini karibu na ziwa. Nyanya akasema hajasikia kitu, anaanika samaki wake wa omena.

Hapo ndipo nikaongea. Mimi, ambaye hata nikiitwa jina darasani natoka jasho. Nikawaambia yale mwalimu wa jiografia alikuwa ametufundisha: mawimbi ya tetemeko hayaendi kwa kasi moja kila mahali. Chini ya Bonde la Ufa, chini kabisa, mwamba una joto na umelegea, kwa hivyo yanapita polepole. Upande wa ziwa mwamba ni wa zamani sana, baridi, mgumu. Huko yanakimbia.

"Profesa wetu!" jirani akasema. Nilifurahi, sitadanganya.

Mama akaniangalia. "Kwa hivyo sisi hapa tumekalia uji, na kwa mama yangu ni mwamba?"

"Si hivyo, mama, ni..."

"Si wewe ndiye umesema? Utaenda kwa nyanya yako. Hata huko kuna shule."

Nilitaka kumwambia kwamba kasi ya wimbi inatuonyesha tu joto la huko chini. Haisemi nyumba ya nani itaanguka. Tena Eldoret yenyewe haiko ndani ya bonde. Lakini jirani alikuwa bado ananitazama, na sikutaka ionekane najibizana na mama. Kabla giza halijaingia, sanduku langu lilikuwa limeshushwa kutoka juu ya kabati.

Imenichukua miaka miwili kupata rafiki mmoja katika shule yangu ya hapa Langas. Mmoja tu. Siwezi kuanza tena.

Asubuhi sikuenda gwaride la shule. Nilienda kugonga mlango wa ofisi ya walimu. Mwalimu wa jiografia alikuwa na mandazi mdomoni.

"Mwalimu," nikasema, na wote wakageuka, "nilimweleza mama somo lako vibaya, sasa anataka kunihamisha. Tafadhali mpigie simu."

Akapangusa vidole, akatoa simu. Nikamtajia namba ya mama, kwa sauti, mbele yao wote.