Jiwe la Bibi na Mizani ya Gulio

Nilipunguzwa kazi nikiwa na kijiko mkononi. Tulikuwa bwaloni, kwenye kituo cha gesi huko kusini, bwana wa ofisini akapita meza hadi meza akigawa bahasha. Nje mitambo iliendelea kuunguruma kama kawaida, kwa hiyo nikadhani ni kadi za harusi ya mtu. Barua ilisema mradi umesimama na fundi wa vipimo hahitajiki tena. Miaka yote ile kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila mshale na kila namba kwenye mabomba inasema kweli. Nikarudi kwetu Simiyu na begi moja, boksi la vifaa vyangu, na tabia ya kutomwamini mtu yeyote anayegawa bahasha.

Bariadi ya leo ungeikuta imebadilika, rafiki yangu. Ni mji wa mkoa sasa, maofisi kila upande, bodaboda zimejaa stendi. Nilizunguka na vyeti vyangu mpaka soli za viatu zikaisha. Waliovisoma walinitazama usoni, wakavitazama tena, kama wanaotafuta mahali palipofutwa. Mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Dada, huku gesi yetu ni ya mitungi ya kupikia tu." Wengine walisema watanipigia. Nilijua kwa sauti zao kwamba hawatapiga, na hawakupiga.

Kijijini, upande wa Lagangabilili, ilikuwa vigumu zaidi. Kule mtu aliyeondoka kazini kabla ya kuota mvi amefukuzwa, na aliyefukuzwa ameiba. Shangazi yangu, anayetunza mji wa Bibi tangu Bibi afariki, alinipikia matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, akangoja nishibe, ndipo akasogeza kigoda.

"Mayu, mama yangu, hebu niambie mimi peke yangu. Ulichukua nini huko?"

"Sikuchukua kitu, shangazi. Tumepunguzwa. Kampuni imefunga kazi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Haya. Hata yule karani wa gulio alisema hakuchukua kitu."

Nilikuwa sijamkumbuka yule karani kwa miaka mingi. Usiku ule wote sikuwa na mwingine kichwani.

Unakumbuka msimu wa pamba ulivyokuwa? Jua la mwezi wa sita na wa saba, mbuga nyeusi imepasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto, na shamba lote jeupe mpaka macho yanauma. Tulivuna tangu umande haujakauka, vidole vikichomwa na maganda makavu. Jioni tulikaa mbele ya nyumba kuchambua, pamba safi huku, fifi, ile chafu, kule, huku sufuria ya michembe, vipande vya viazi vikavu, ikichemka na harufu yake tamu ikitutia wazimu wa njaa. Bibi aliimba kwa sauti ya puani. Kazi yangu nyingine ilikuwa kunoa visu na mapanga kwenye jabali lililokuwa nyuma ya zizi la ng'ombe, mbali kidogo, mahali ambapo shangazi alisema pana fisi.

Bibi hakumwamini mtu yeyote aliyeshika mizani. "Mizani haina tumbo," alikuwa akisema, "ila anayeishika analo." Basi alikuwa na jiwe. Jiwe la kijivu, laini, ukubwa wa kichwa cha mtu mzima. Alilibeba mpaka zahanati, akambembeleza nesi alipime kwenye mizani ya kupimia watoto. Nesi alicheka mpaka akashika ukuta, lakini alilipima: kilo kumi na mbili kamili. Bibi hakujua kusoma. Akafunga mafundo kumi na mawili kwenye kamba ya katani, akaizungushia jiwe, na tangu siku hiyo jiwe likakaa nyuma ya nyumba, chini ya kihenge, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Siku ya kuuza pamba lilikwenda naye gulioni, limefungwa kwenye khanga mgongoni kama mjukuu. Kabla ya mzigo wake kupimwa, jiwe lilipanda kwanza.

Karani wa gulio alikuwa kijana wa jirani yetu, mwenye shati lililopigwa pasi na kalamu sikioni. Watoto tulimpenda, kwa sababu mifuko yake haikukosa karanga. Mwaka wa kwanza jiwe lilipanda, mshale ukasimama kwenye kumi na mbili, Bibi akacheka na watu wote wakacheka. Mwaka uliofuata mshale ulisita kidogo kabla ya kufika. Bibi akafyonza. Mwaka mwingine ulisita mapema zaidi. Na kila mwaka Bibi alikaza macho zaidi, akaanza kunusa wizi hata kwenye salamu ya yule kijana, na sisi watoto tukakatazwa karanga zake.

Nami nilishuku pamoja naye, sitakuficha. Nilikuwa na miaka kama kumi, na hakuna kitu kitamu kwa mtoto kama kumjua mwizi. Nilimvizia karani dirishani kwake, nikahesabu kuku wake, nikamletea Bibi habari kwamba amenunua redio.

Halafu ukaja mwaka ule ambao mshale uligoma kabisa, karibu nusu kilo chini. Bibi hakugombana. Alikaa chini mbele ya gulio, akaifungua kamba yake, fundo moja baada ya jingine, akihesabu kwa Kisukuma ili kila mtu asikie. Alipomaliza alimtazama karani tu. Yule kijana akaapa kwamba mizani ni nzima, hakuchukua kitu. Wiki hiyo hiyo akanyang'anywa ufunguo wa ghala, na Bibi hakulipeleka tena jiwe gulioni. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemshitaki. Walipunguza salamu tu. Ukimwambia "mhola" alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo. Hakupata tena kazi ya kalamu popote, maana kila alikopeleka barua ya maombi, jiwe la Bibi lilikuwa limeshatangulia.

Sasa sikia yaliyonipata msimu huu. Ushirika wa kijiji chetu ulikosa mpimaji. Mwenyekiti aliponiita nilijua kuna jambo, na jambo lilikuwepo.

"Vyeti vyako ni vikubwa kuliko gulio letu," alisema. "Lakini watu wanauliza kwa nini umerudi. Utajaribiwa siku ya kwanza. Wakulima wakikukataa, mimi sitawalazimisha."

Nilikubali. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi pekee niliyopewa tangu bahasha ile, na kama kijiji changu mwenyewe kingenikataa, nilijua hakuna ofisi Bariadi ambayo ingenipokea.

Siku ya kwanza niliamka alfajiri nikaikagua mizani. Siku hizi hakuna mshale, ni namba nyekundu tu. Watu walishajipanga na mizigo yao. Wa tatu katika foleni alikuwa yule karani. Kichwa kimekuwa cheupe, shati limechakaa lakini limepigwa pasi. Alisimama kando ya baiskeli yake, hakumtazama mtu.

Kisha nikamwona shangazi anakuja, ana kitu mgongoni ndani ya khanga. Watu wakampisha bila kuambiwa.

"Wewe ni damu yangu," alisema, "ndiyo maana nakupima kwanza wewe."

Jiwe likapanda. Namba zikachezacheza, zikatulia kwenye kumi na moja na nusu.

Watu wakasogea kuzisoma. Nilisikia ng'ombe wakilia mbali upande wa lambo. Sitakudanganya, wazo la kwanza lilikuwa baya. Ile mizani najua kuirekebisha kwa dakika mbili. Ningesema, "Samahani, haikuwa imetulia," ningebonyeza hapa na pale, jiwe lingekuwa kumi na mbili, shangazi angetabasamu na kazi ingekuwa yangu. Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye kitufe.

Lakini mkono uliolishwa na vipimo miaka yote hauwezi. Nikaomba ndoo mpya dukani, ile ya lita ishirini yenye alama. Nikaipima tupu, nikajaza maji mpaka kwenye alama mbele ya watu, nikaitundika. Lita moja ya maji ni kilo moja, hilo hata mama mwenye kuchota kisimani analijua shingoni. Ukiondoa uzito wa ndoo, mizani ilisema ishirini kamili.

"Basi jiwe ndilo linadanganya?" mwenyekiti akauliza.

Nikalishusha na kuligeuza. Upande wa chini palikuwa na bonde, refu, laini, upana wa panga. Nilipitisha kidole gumba humo nacho kikaenda chenyewe hadi mwisho, kwa kuwa kilikuwa kinapajua.

Fisi, rafiki yangu. Niliogopa fisi wa nyuma ya zizi. Jioni, Bibi akiwa mbele ya nyumba, nilikuwa nalitoa lile jiwe chini ya kihenge, nalilaza kifudifudi, nanoa mapanga yote ya nyumba juu yake, kisha nalirudisha lilivyokuwa, kamba na mafundo yake. Msimu baada ya msimu. Nilishuku kalamu ya karani, redio yake na kuku wake, na jioni ile ile nilikuwa ninakula jiwe kwa panga.

Niliwaambia. Nililisema lote kwa sauti, kwa Kiswahili kisha kwa Kisukuma, asije mtu akasema hakusikia. Nilimwambia yule mzee kwa jina lake kwamba mizani yake ilikuwa nzima na mwizi nilikuwa mimi. Nilikuwa ninalia na sikujali. Shangazi alifunika mdomo kwa khanga. Kuna waliosema, na bado wanasema, kwamba nimelitunga lile ili kuitetea mizani yangu.

Mzee alisukuma baiskeli yake mbele, akawapita wawili waliomtangulia, hakuna aliyemzuia. Nilingoja anitukane.

"Pima pamba," alisema.

Nikapima, nikaandika. Alipomaliza akaonyesha kwa kidevu. "Na hilo jiwe nipe mimi."

Shangazi alilifunga kwenye keria kwa mikono yake mwenyewe. Mzee akaondoka nalo polepole.

Kazi ninayo, mpaka msimu huu uishe. Lakini Bibi hayupo, kihenge kimeanguka, redio yenyewe sijui iliishia wapi, na ujana wa mtu mmoja ulipotea pale nyuma ya nyumba, unga kidogo kidogo wa kijivu, nami kila jioni niliupuliza kwa mdomo ili Bibi asiuone.