Chuma Kinachojizuia

Miaka yangu ya Lodwar naikumbuka kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulishika chuma cha kulehemu, wa kushoto ulikaa kwenye plagi. Chuma chetu kilikuwa cha bei rahisi na hakikujua kutosheka. Ukikiacha kwenye umeme kinazidi kuwaka mpaka kinababua bodi ya simu. Basi tulichomeka, tukayeyusha risasi ya kuungia nyaya, tukachomoa, tukachomeka tena. Baadaye mkono ukawa unafanya bila kuniuliza.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja mfugaji kutoka Lorugum. Alifungua kitambaa, akatoa kifaa chake cha kusikia. Ndani, waya mwembamba kama unywele ulikuwa umeachia.

"Ejok," alinisalimia kwa Kiturkana, kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasiosikia vizuri. "Hii ikikufa, mimi nasikia mbuzi hapana. Mbuzi mbili iliingia kichaka, fisi nakula. Mimi iko hapo tu, naangalia upande ingine."

Mwenzangu wa meza moja alikitazama, akamrudishia. "Chuma chetu kitakiyeyusha hiki. Nendeni Kakuma, kuna fundi Mkongomani ana chuma kinachojizuia chenyewe."

Miguu yangu haijawahi kukataa safari. Mchana huohuo nilipanda pikapu na mama yule.

Fundi wa Kakuma alinionyesha chuma chake kwa fahari ya mtu anayeonyesha mtoto. "Angalia, ndugu. Ncha ikipata joto lake, umeme unajipunguza. Ikigusa waya baridi, unarudi. Hakuna kukichunga."

Kisha akainamia lenzi, akaanza kuusafisha waya na kuulaza mahali pake. Ilimchukua muda. Chuma kilikaa kwenye kishikio chake, kimewaka, hakuna anayekiangalia, na mimi nikaanza kutokwa na jasho. Mkono wa kushoto ukanyooka wenyewe, ukachomoa plagi.

Alipokuja kugusa, risasi haikutiririka. Iliganda, imepauka kama uji uliolala, na waya ukabaki kando. Mama akasoma nyuso zetu.

"Imekufa?"

"Bado, mama!" fundi alimwambia sikioni. Akaufuata waya wa plagi kwa macho mpaka kwenye vidole vyangu. "Ndugu, chuma kinajua kujizuia. Wewe je?"

Akarudisha plagi, akaniamuru niukalie mkono wangu. Nikaukalia kweli. Nilimwona akisubiri joto lirudi, akipumua polepole, maana kifaa kidogo vile hakivumilii kuguswa mara nyingi. Aligusa, akaondoa. Safari hii risasi iling'aa.

Mama alivaa kifaa. Akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa kengele ya mbuzi wake anayeongoza wengine. Alikuwa amekuja nayo toka nyumbani.

"Chukua. Enda, piga. Kama mimi nasikia, mkono iko juu."

Akanipa mgongo, akainua mkono. Nikatembea nikipiga kengele, nikapita maduka, nikapita vijana wa bodaboda.

"Buda, mbuzi zako ziko wapi?"

"Zimetangulia!"

Nilipita hata kinu cha posho kinachonguruma, mpaka nikajiona nimefika mbali mno. Nikageuka. Kule nyuma, juu ya vichwa vya watu, mkono wenye bangili ulikuwa bado juu.