Siku Niliyowaonyesha Wakwe wa Zaitun Nguruwe

Hii sikutaka kuisimulia kabisa, na hadi leo nikimwona mtu wa Mbale aliyekuwepo siku ile navuka barabara, lakini najua Nambozo ameshawapa nusu yake, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe na aibu yangu yote.

Nambozo ndiye mwenzangu pale studio yetu ya picha Jinja, upande wa Kimaka. Yeye ni Mgisu, fundi wa kompyuta, hapendi maneno mengi. Mimi napiga picha na maneno napenda (mnanijua). Alitengeneza sanduku lenye diski tatu zilizounganishwa, kompyuta inaziona kama diski moja kubwa: orodha ya majina ya faili inakaa kwenye ya kwanza, picha zenyewe zinagawanywa kwenye hizo nyingine. Sasa kila diski ina kumbukumbu yake ndogo ya muda, inapokea picha haraka na kuzishikilia humo kwanza, na ukichomoa waya kabla haijaziandika, zimepotea. Ndiyo maana Nambozo aliandika programu fupi ya kuiamuru kila diski imwage ilichoshika, iandike, ijibu. Zikijibu zote tatu, kioo kinasema TAYARI.

Diski ya tatu ilikuwa kuukuu, ikichelewa kujibu. Siku moja nikachoka kusubiri, nikaifungua ile programu na kuzima mistari miwili, ikabaki amri kwa diski ya kwanza peke yake. TAYARI ikawa inakuja papo hapo. Nikajiona mjanja, wala sikumwambia mtu.

Basi Jumamosi tukapiga picha za nikaha ya mteja wetu Zaitun hapa Jinja, tukamalizia Wanyange nyumbani kwa bibi yake, mzee sana, hakuweza kusafiri. Jumapili asubuhi, karamu ikiwa Mbale kwa wakwe, gari linapiga honi nje, mimi nanakili picha kwenye lile sanduku, nikaona TAYARI, nikachomoa, nikafuta kadi za kamera ili nizitumie tena huko. Mbio!

Mchana ukumbi umejaa, pilau inaliwa, picha zinapita kwenye kioo kikubwa, watu wanashangilia. Mimi nimepewa maikrofoni, nimewageukia wageni, kioo kiko mgongoni. Nikasema, "Na sasa, bibi yake Zaitun! Mtazameni alivyopendeza! Huyu ndiye aliyewalea wote!"

Kimya. Nikafikiri wameguswa, nikaongeza, "Pigeni makofi, jamani!" Wawili wakapiga.

Nikageuka. Kwenye kioo, nguruwe jike amelala ubavu, ananyonyesha watoto tisa.

Nikabonyeza mbele upesi: nguruwe anachomwa sindano. Mbele tena: nguruwe watatu kwenye matope. Zilikuwa picha za mradi wa ufugaji wa huko Wanale, nilishazifuta mwezi uliopita. Majina ya faili yalikuwa ya Zaitun, yalifika salama diski ya kwanza, lakini zile picha arobaini za mwisho hazikuwahi kuandikwa kwenye diski ya tatu, kwa hiyo mahali pake zilibaki zile za zamani, maana ukifuta linaondoka jina tu, picha inabaki mpaka iandikwe nyingine juu yake.

Baba wa bwana arusi, askari mstaafu ambaye kila mtu anamwita Afande, akasimama.

"Wewe bwana. Zima hiyo kitu."

"Afande, samahani, ni diski, haikumwaga..." (na maikrofoni bado iko mdomoni!)

Shangazi mmoja kule nyuma akadaka hilo neno. "Amemwaga nini? Kwenye pilau?"

Banange! Neno nguruwe na neno pilau vikakutana, na meza moja baada ya nyingine sahani zikaanza kuwekwa chini. Mpishi akatoka jikoni na upawa mkononi, analia kwa hasira, anaapa nyama ni ya mbuzi na aliyemchinja ni imamu mwenyewe. Imamu ikabidi asimame kuthibitisha. Zaitun alikuwa amefunika uso, mabega yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka.

Nikampigia Nambozo simu, Afande akaamuru niweke sauti ya juu.

"Uliigusa programu yangu?" akauliza. Nikaanza kuilaumu diski ya tatu. "Ramadhani. Uliigusa?"

"Niliigusa," nikasema, mbele ya ukumbi mzima.

Afande akatikisa kichwa. "Basi sema hivyo tangu mwanzo. Watu wale chakula."

Walikula. Mimi sikula. Kadi za kamera nilikuwa nimeshazijaza picha nyingine asubuhi ile, kwa hiyo Nambozo aliokoa picha kumi na moja tu, na ya bibi haikuwemo.

Alhamisi nikaenda Wanyange peke yangu, nikapiga magoti uani nikamweleza bibi yote. Alivaa tena gurbaba, vazi lake la Kinubi la sherehe, taratibu, akaketi kwenye kiti kile kile cha Jumamosi, halafu akaniuliza, "Huyo waliyempigia makofi, alikuwa mnene?"

"Mnene sana, bibi."

"Haya, piga."

Tangu hapo nimeapa: kitu alichokitengeneza mwenzangu nikiona kinanichelewesha, namuuliza kwanza kinangoja nini. Nambozo akinijibu kwa neno moja, linanitosha.