Kwadi ya Shemeji Assumani

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, mwanangu, na kama una haraka, basi leo utachelewa kidogo. Keti hapo juu ya tairi. Umenijia na fyuzi iliyoungua mkononi, unaomba waya wa shaba, na si mara ya kwanza, umenuna kana kwamba mimi muuza vipuri wa soko la Kasongo ndiye niliyeiunguza. Sitakuuzia kitu kabla hujanisikiliza. Nimezeeka, nina haki ya kusumbua wateja wangu.

Wakati huo sikuwa muuza vipuri. Nilikuwa msichana, nikikaa kwa dada yangu mkubwa, Yaya Sikuzani, katika kijiji kimoja upande wa Lusangi. Mumewe, Shemeji Assumani, alikuwa dereva wa kituo cha afya. Watu wa misaada walikuwa wameondoka na kukiachia kituo hicho kwadi moja kuukuu kama hiyo yako, ile pikipiki ya magurudumu manne, pamoja na tela dogo la kubebea wagonjwa. Ilikuwa imeshazeeka kabla haijafika kwetu. Plastiki zake zilikuwa zimepasuka, kiti kilifungwa kwa mpira, na taa ya mbele iliwaka pale ilipojisikia. Lakini injini ilikuwa na nguvu, na kwenye matope ya njia ya Kabambare, pale malori yalipokwama hata wiki nzima, yenyewe ilipita. Watu walimheshimu Assumani kwa ajili yake. Naye alijua kwamba anaheshimiwa, usidhani alikuwa mtu wa kujificha.

Ugonjwa wa mashine hiyo ulikuwa mmoja, wa kuunguza fyuzi. Wewe unaijua fyuzi, ila ngoja niseme kwa ajili ya hawa wanaosikiliza pembeni huku wakijifanya wananunua. Ni kile kiwaya chembamba karibu na batri kinachokubali kuungua ili nyaya nyingine zisiungue. Kikikatika, kila kitu kinazima, hakuna taa, hakuna honi, hakuna kuwasha. Ya Assumani ilikatika njiani, kwenye mashimo, na kamwe haikukatika mashine ikiwa imetulia nyumbani. Hilo peke yake lilitosha kumwambia kwamba kuna waya mahali fulani unaotikisika na kugusa chuma. Hakuutafuta. Alifanya mnachofanya ninyi nyote. Alichukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaizungushia ile fyuzi iliyokufa, akairudisha mahali pake na kuwasha. Mashine ikanguruma, vijana wakampigia makofi, na mimi nikacheka pamoja nao.

Yaya Sikuzani hakucheka. Alikuwa mkali wa maneno, na ile mimba yake ya kwanza ilikuwa imemwongezea ukali.

"Assumani, hii mashine kila siku iko inazimika. Haufungui kiti uone?"

"Nitafungua siku ya posho."

"Posho ya mwaka gani?"

Siku ya posho, yaani Jumamosi, ilifika, na mtoto mwenye homa akaletwa, kwadi ikaondoka. Jumamosi nyingine ikawa vilevile. Sitamsingizia shemeji yangu, wagonjwa walikuwa wengi kweli. Kufungua kiti na kufuata nyaya moja moja kunataka nusu ya siku, na kila aliyekuja alikuwa na mtu wake mgongoni. Kuzungusha karatasi hakukuwa na kazi. Baadaye karatasi nazo zikawa zinaungua, akaweka kipande kinene cha waya wa shaba. Tangu hapo mashine haikuzimika tena, na sisi tukasema imepona.

Siku za Yaya kujifungua zilipokaribia, akaanza kulalamika. Miguu ilimvimba hadi sandali zikakataa kumwingia. "Kichwa iko inaniuma," alituambia, "na macho iko inaona nyota muchana." Mama yetu alikuwa huku Kasongo; angekuwapo angemshika mkono siku ileile na kumpeleka. Sisi tulimpa kidonge cha kichwa. Maumivu yakipungua tulifurahi, yakirudi tulimpa kingine. Nilikuwa na vidonge hivyo nimevifunga kwenye pindo la kitenge changu, tayari, na nilijiona muuguzi. Yaya mwenyewe aliona haya kwenda kituoni kwa sababu ya kichwa tu. Mumewe alibeba wagonjwa wa watu mchana kutwa, na jioni alimwambia, "Mimba iko hivyo, bibi yangu. Vumilia kidogo."

Asubuhi ninayokuambia, alikuwa ameinama mekoni akipuliza moto. Alianguka kiubavu, akaanza kutetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Muuguzi alikuja mbio, akampima presha mkononi, ikawa juu kupita kiasi, na neno lake lilikuwa fupi. "Kasongo. Sasa hivi." Tukatandika godoro kwenye tela, tukamlaza, nami nikaketi nimepakata kichwa chake. Assumani aliendesha kama mtu anayekimbizwa. Kila shimo tulilopita Yaya aliguna, na nilishukuru kwa kila mguno, kwa sababu ulinionyesha kwamba yupo.

Nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, nikadhani kuna watu wanachoma takataka. Hapakuwa na watu. Moshi ulitoka chini ya kiti cha shemeji, mweupe kwanza, halafu mweusi. Alipiga breki, akaruka chini, akamwagia mchanga. Moto ulizimika upesi. Mashine nayo ilikuwa imekwisha.

Hapo ndipo alipofungua kiti. Nyaya zote zilikuwa zimeyeyuka na kushikana pamoja, huwezi kujua ipi ni ya taa na ipi ni ya kuwashia. Lakini mahali ulipoanza ugonjwa palionekana wazi. Waya mmoja ulikuwa umepita juu ya ukingo wa chuma cha fremu, na ule ukingo ulikuwa unang'aa kwa kusuguliwa. Ngozi ya waya ilikuwa imelika pale tangu zamani. Fyuzi ilikuwa ikikatika kwa sababu ya pale. Alipoweka shaba nene, haikukatika tena, umeme ukaendelea kupita hadi nyaya zikaiva.

"Ilikuwa hapa tu," aliniambia akinionyesha kwa kidole, kana kwamba mimi ningeweza kufanya kitu. "Ona, ilikuwa hapa tu." Kipande cha mpira tu kingetosha kuufunika. Alijaribu kuzitenganisha nyaya kwa mikono, zikamwachia malengelenge, na hakuacha. Ikabidi nimpigie kelele aache, aende kutafuta watu.

Wanaume waliokuwa shambani walikuja. Walikata miti, wakafunga kitenge changu, wakatengeneza tipoyi na kumbeba mabegani wakibadilishana, wakikimbia pale njia iliporuhusu. Nilikimbia pembeni yake nikiwa nimemshika kidole gumba cha mguu. Tulikuwa bado hatujaona nyumba za kwanza za Kasongo wakati mguno ulipokoma. Waliendelea kukimbia, nami sikuwaambia wasimame. Hospitali walituambia kwamba wote wawili wamekwenda, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni.

Matangani Assumani aliketi chini mbele ya mama yetu, mikono imefungwa vitambaa. "Mama," alisema, "mashine ilinikatalia."

Mama aliitazama ile mikono, kisha uso wake.

"Haikukukatalia. Ilikuambia kila siku, weye ukaifunga kinywa. Na mutoto wangu alisema vilevile. Aliwaambia ninyi wote. Nani alimusikia?"

Aliligeuza jicho hilohilo kwangu, nikatazama mkeka. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakumsemesha Assumani tena hata salamu. Shemeji alikwenda Salamabila kwenye dhahabu, na sijui kama yu hai. Ile kwadi ilioza nyuma ya kituo, watoto wakang'oa vioo vyake. Kituo chenyewe hakina mashine yoyote sasa, na njia unaijua mwenyewe.

Nilipopata meza yangu hapa sokoni, fyuzi ndizo nilizotanguliza mbele ya kila kitu. Nilidhani nikiziuza kwa bei ya chini vijana wataacha karatasi za sigara. Zinashika vumbi, mwanangu. Wanasema mashimo ni mengi, fyuzi haidumu, heri shaba. Nimewasimulia hadithi hii hadi sauti imeisha, na wapo wanaonyanyuka katikati kwa sababu simu imelia. Sijui kama nimemwokoa hata mtu mmoja.

Basi sikiliza ninachokutaka ufanye. Kwanza toa batri. Fungua kiti, shika waya kwa vidole, uufuate kutoka batri hadi unapoishia, na uangalie kila mahali unapojikunja, unapopita juu ya chuma, unapokaribia bomba la moshi. Kama huoni kitu, rudisha batri, na mahali pa fyuzi weka balbu ndogo. Ikiwaka kwa nguvu, umeme unavuja mahali fulani. Tikisa nyaya, chomoa taa, kisha honi, kimoja baada ya kingine. Utakapogusa penye kosa, balbu itafifia. Ziba hapo, funga vizuri, ndipo uweke fyuzi mpya ya kipimo kilekile, isiwe nene zaidi. Abiria wakikasirika, waache wakasirike. Na mkeo akikuambia kichwa kinamuuma, au mama yako, au mwenzako unayempakia, usimpe kidonge ili anyamaze. Muulize imeanza lini, na umpeleke. Mtu anayelalamika angali na nguvu ya kukuita, na mimi nimeshaona kinachofuata akiacha.

Waya wa shaba ulioniomba sikuuzii. Najua utanisikiliza kwa heshima, kisha ukitoka hapa utazunguka kwa jirani naye atakuuzia. Wengi wamefanya hivyo mbele ya macho yangu, nami sina tena miguu ya kuwafuata.

Lakini umekaa hadi mwisho, kwa hiyo pokea dua ya mzee. Mwenyezi Mungu akulinde na hiyo haraka yako. Akupe subira ya kufungua kiti kabla ya safari, na sikio la kumsikia aliye nyumbani mwako. Kila utakayempakia umfikishe akiwa anapumua. Na siku nitakapokutana na Yaya Sikuzani, akaniuliza ni nani aliyesikia, Mungu anijalie niwe na jina la mtu mmoja la kumtajia, nalo liwe lako.