Nilivyompeleka Mtu Uchi Barazani

Nnaona haya kuisimulia hii hadi leo, lakini nusu yenu mmeshaisikia kwa midomo ya wengine, kila mmoja kaitia chumvi yake, na wanaoicheka hawajui barua ile ilikuwa na nini ndani, kwa hiyo bora niitoe mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa sitini na sita. Mimi nimeshaingia Maskati, nna kazi ya ukarani katika duka la tende huko Matrah, na mama yangu na dada yangu Zuwena wamekwama Mombasa, wanalala ukumbini kwa watu, kwa sababu nyumba yetu ya Unguja ilikuwa imeshakwenda na mapinduzi. Ili waruhusiwe kuingia nilitakiwa nipate mtu mzito wa kuwadhamini, na mtu mzito niliyemjua ni mmoja tu, Sheikh Hilali, mfanyabiashara wa vitambaa aliyepata kukaa Unguja, ambaye aliniambia nimpelekee barua ya maombi barazani kwake, Ijumaa baada ya sala ya Alasiri.

Barua niliiandika vizuri, mistari minane, haina kosa. Ningeishia hapo. Lakini mimi napenda jambo litimie, na nikaona barua ya kumwombea mama haiwezi kwenda hivi hivi kama karatasi ya dukani, nikaikumbuka pete ya babu. Ni pete ya fedha yenye jiwe la akiki nyekundu, na jiwe lenyewe limechongwa kwa ndani mitaro midogo midogo ambayo tulikuzwa tukiambiwa ni jina la mkuu wa ukoo wetu kwa khati ya zamani (hakuna aliyewahi kulisoma, na hakuna aliyeona ajabu kuwa halisomeki). Mitaro ilikuwa imejaa uchafu wa vizazi vitatu. Nikaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa, nikanunua kijiti cha lakiri, nikaiyeyusha juu ya bahasha na kuigandamiza pete. Ikatoka alama ndogo kama punje ya kunde, katikati kuna kitu kimesimama wima. Nikasema, hiyo alif, herufi ya kwanza ya jina. Mtu huona alichoambiwa.

Siku ya siku nikasali Alasiri safu ya mbele, bega kwa bega na Sheikh, kisha tukaingia barazani, watu kama kumi na tano, kahawa inazunguka. Sheikh akaipokea barua, akaigeuza, akaona muhuri, akauliza ni wa nani. Ningeweza kumjibu kuwa ni pete tu. Badala yake nikapaza sauti ili na wa mlangoni wasikie, nikasema huo ni muhuri wa ukoo wetu, jina la babu yetu mkubwa, na sisi barua zetu hazitoki bila yeye.

Hilo lilimpendeza. Akaagiza kioo chake cha kusomea aletewe, alisome jina. Akatazama, akatazama tena, kisha akampa wa kulia kwake barua na kioo, na vikazunguka kama kahawa, mtu kwa mtu, na hakuna aliyesoma jina lolote. Vilipofika kwa Mzee Khamis, mwalimu wa chuo cha Kurani na mtu wa maskhara, akaniambia, "Babu yako alinenepa, mashallah. Lakini nguo zake siku hiyo zilikuwa wapi?"

Nikapewa kioo. Alikuwa mwanamume uchi kama alivyozaliwa, tumbo mbele, kaegemea nguzo, mkono mmoja kashika kishada cha zabibu na wa pili kikombe kinachomwagika, na miguuni pake mnyama anaramba kinachomwagika. Kitovu kilionekana. Mengine siyataji.

Nikadai ni lakiri imeharibika. Na ili kuthibitisha (hapa ndipo nnapojichukia zaidi) nikaivua pete nikampa sonara mmoja aliyekuwa amekaa pale. Akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha, akaeleza kwa upole kabisa, kama anayenipa habari njema, kuwa fedha ni kazi ya juzi juzi, zama za babu zetu, ila jiwe ni la Warumi wa kabla ya Uislamu, ameyaona kama hayo yakitoka Basra, watu huyaokota ardhini na masonara huyatia kwenye pete mpya kwa kuwa akiki ni akiki. Na huyu, akasema, ni sanamu lao la ulevi, walilokuwa wakiliabudu.

Mzee Khamis akaacha maskhara. "Na leo umesali naye safu ya mbele?"

Wakaanza kubishana kama sala irudiwe. Wawili wakatoka kwenda kutawadha. Mama yangu hakuwamo tena katika mazungumzo. Nikamwambia Sheikh, nakuomba uisome, ni habari ya mama. Aliishika barua kwa pembe, akaiweka mkekani mbele yangu.

"Mwanangu, muhuri wa mtu ni neno lake, na kuuvunja ni kulipokea. Huyu mimi simvunji. Ichukue."

Bahasha ina upande wa pili, lakini nani angemwambia? Nikataka kuichana mwenyewe, lakini yeye alikuwa ameshageuka kuomba maji ya kunawa. Nilirudi kwake mara tatu baadaye. Kila mara niliambiwa amepumzika.

Mama aliandika kuuliza Sheikh amesemaje. Nikamjibu kasafiri. Nilimsafirisha Sheikh yule miaka minne, mpaka mwaka wa sabini milango ya Omani ilipofunguliwa na wenzetu wakaanza kuingia, na Zuwena akaja peke yake, kwa sababu mama walikuwa wameshamzika Mombasa.

Tangu hapo sijapiga muhuri kitu. Nikiwa na shida na mtu namwendea, namwambia kabla sijakaa. Mama yangu yuko Mombasa, nakuomba. Maneno matano. Ningeyasema siku ile, nimesimama mlangoni kwa Sheikh.